Isizimwe Bila Ruhusa

Mashine ya kukanda unga ilinasa mkono wa shati la mwokaji, lakini hakuizima. Alimtumbulia macho meneja, akisubiri ruhusa.

Meneja aliruka, akaizima mwenyewe.

"Dada, mbona hukuzima?"

"Bango linakataza kuizima bila ruhusa, mama."

Meneja alichukua bisibisi, akaanza kulifungua lile bango ukutani. Skrubu zilidondokea kwenye unga.

Mkurugenzi akatokea mlangoni. "Nani kakuruhusu?"

"Hakuna. Hebu niambie, bosi, kanuni hii inamlinda nani?"

Mkurugenzi aliligeukia bango.

Kule nyuma, mpakiaji mmoja ambaye alikuwa hajawahi kusema neno kikaoni alikohoa.

"Na ile ya kuomba ruhusa kwenda chooni, je? Nayo ni ya nini?"