Kengele za Rahabu

"Akisimama dirishani, weka kengele," Rahabu alisema.

"Ni roboti, mama," Tobia alimkumbusha. "Haina haja na dirisha."

"Weka."

Tobia akaandika. Alikuwa fundi wa kompyuta kutoka Dar es Salaam, kaletwa na mwekezaji atengeneze kioo cha kompyuta ambacho kwacho mtu mmoja, kaketi kitini, angesimamia roboti tisa za kugeuza majani ya chai kwenye vitanda vya kunyaushia. Roboti tisa badala ya wanawake tisa. Hesabu yenyewe ni tusi.

Kiwanda kiko juu ya njia ya Mlola. Uwanja wake baba za wanawake hao waliuchonga mlimani kwa majembe, kwa msaragambo, hakuna aliyelipwa. Mwaka tisini na saba kikauzwa, na aliyekinunua hakujua hata kusalimia watu.

Rahabu alikuwa mmoja wa wale tisa, na mnyapara wao kwa miaka ishirini na miwili. Ndiyo maana Tobia alimfuata: shikamoo mama, naomba unifundishe, wewe huwa unatazama nini? Siku hiyohiyo, mjinga wa watu, akamtobolea siri ya kazi yake. Kioo kizuri hunyamaza mpaka kuwe na shida. Kikilia kwa kila jambo, msimamizi huchanganyikiwa, na mashine huharibu.

Rahabu akadaka hapohapo. Majaribio ya roboti yakishindikana, kazi yao inabaki.

Basi akamwaga yote. Anayegeuza majani ya juu na kuacha ya chini, kengele. Wawili wakikaribiana kama wapiga soga, kengele. Anayezunguka kitanda kilekile mara mbili ili aonekane ana kazi, kengele. Shamsa, mgeni kuliko wote kazini, alimnong'oneza kwamba sasa anazidisha.

"Nazidisha makusudi," alijibu. "Acha wapasuke masikio."

Siku ya majaribio mwekezaji alikikalia kiti mwenyewe. Kila roboti ilibeba mgongoni kidude cheusi cha kukiarifu kioo iko wapi na inafanya nini. Dakika ya tatu kengele saba zililia kwa pamoja. Akabonyeza huku, akabonyeza kule. Roboti mbili zikapigana kikumbo, ya tatu ikamwaga majani sakafuni. Mlangoni wanawake walicheka bila kuficha meno. Shamsa akauliza kama roboti nazo hupewa likizo ya uzazi.

Mwekezaji hakufoka. Alimtaka Tobia amweleze maana ya kila kengele, moja baada ya nyingine, mpaka ya mwisho. Kisha akamgeukia Rahabu.

"Haya yote yametoka kwako?"

"Miaka ishirini na miwili," alisema, kidevu juu.

Ijumaa roboti zilipakiwa kwenye lori kuteremka Mombo. Tobia alikuwa ameshinda nazo na bisibisi tangu asubuhi, hakumwamkia mtu. Lori lilipotoka, vigelegele vilisikika hadi barabarani.

Jumatatu wanawake walipangwa mstari getini. Kila mmoja alifungwa mkanda kiunoni, na kwenye mkanda kidude cheusi chenye namba. Rahabu akapewa namba moja.

Joto lilipopanda, akasogea dirishani avute pumzi.

Kengele ikalia.