Mlinzi wa Mtungi

Walimbeba Nikanor kama gunia la mihogo hadi ukingoni mwa boti. Miguu yake ilikufa miaka tisa iliyopita, alipopanda juu haraka mno kutoka kilindini. Wazamiaji wenzake walisema ni Liwa, mwanamke wa majini, amelipiza kisasi cha kamba koche wake wanaovuliwa.

"Miguu alishachukua," mpishi alimtania akimfunga mtungi wa hewa mgongoni. "Leo unampelekea mikono?"

"Namwachia mikono. Yeye aniachie mwanangu."

Kapteni Halford alirudia maelezo yake taratibu. Rilman, mwana wa mzee, alizama jana adhuhuri, hakuibuka. Mkondo ulielekea kile kisiwa cha mchanga. Hakina maji, lakini siku moja kijana huvumilia. Siku tatu, hapana. Tena juzi tu si alimtumia baba yake salamu redioni?

"Yeye alikuwa majini, ndiyo maana salamu zake nikakufikishia mimi," kapteni alisema. "Alitaka umwekee ndizi za kuponda, mzee."

Alisema hayo akiwa amekalia kifuniko cha ghala la kamba koche. Ghala lilikuwa limejaa, kifuniko hakifungi.

Nikanor akajiachia. Majini hakuwa kiwete. Alijivuta kwa mikono, jiwe kwa jiwe, hadi akauona mtungi uliobanwa kwenye matumbawe, na herufi R aliyoichora yeye mwenyewe. Mikanda ilikuwa imefunguliwa vizuri. Moyo ukamruka: mwana amejivua mzigo ili aogelee. Yuko kisiwani.

Akanyoosha mkono. Samaki mdogo wa mistari mitano akamgonga miwani, akarudi nyuma, akamgonga tena. Nikanor alimjua. Rilman alipokuwa na miaka sita, baba yake alimfundisha: dume husafisha mahali pagumu, jike hutaga, kisha dume habanduki. Siku ya kwanza mayai ni ya zambarau. Siku ya nne huota macho. Usiku wa tano watoto huondoka, baba akabaki peke yake.

Akamsogeza yule baba kwa kiganja, akainamia mtungi.

Alipoibuka, kapteni alikuwa ameshawasha injini, kidole kimeelekea kisiwani.

"Umeona nini, mzee?"

Nikanor alishika ukingo wa boti, akakataa kupandishwa.

"Mayai kwenye mtungi wake," alisema. "Yote yana macho."