Kiingereza cha Usingizini

Mtoto alianza tena. Alikuwa amelala kitandani nyuma ya cherehani, sare ya shule bado mwilini, na Kiingereza kilikuwa kinamtoka mdomoni kama maji ya bomba. Fundi akaondoa mguu kwenye pedeli, akazima na redio, akasikiliza. Hakuambulia kitu.

Akiwa macho, binti huyo hakujua Kiingereza zaidi ya kile cha darasa la pili: kalamu, meza, habari za asubuhi mwalimu. Alizungumza Kiswahili cha mtaani, tena cha kujibizana. Lakini mchana akipitiwa na usingizi, Kiingereza laini kilimtoka kwa sauti ndogo kuliko umri wake, sauti ya mtoto aliyeacha kunyonya juzi. Fundi alishika neno moja tu, mami, maana hilo nani asiyelijua? Kila akilisikia aliitika, "Nipo hapa, mwanangu." Mtoto hakutulia. Aliendelea kuita vilevile, kana kwamba hakuna aliyeitika.

Bibi wa chumba cha pili, mtu asiyepitwa na jambo, alisema hilo ni shetani. Tena shetani aliyesoma, maana wa zamani walikuwa wakiropoka ovyo ovyo tu. Akashauri mtoto apelekwe akaombewe mbele za watu. Fundi akakataa katakata. Kule walikotoka, majirani walipoanza kuulizauliza, alifunga virago siku ileile, na huku alikuwa ameshapata wateja.

Basi akaenda kwa muuza sinema wa pale barabarani, akamwambia anataka kujifunza Kiingereza. Jamaa akamcheka, akamuuliza kama anataka kwenda ng'ambo na cherehani kichwani. Fundi akasema Kiingereza anajua ndiyo, hapana na fanya haraka, vile alivyoambulia zamani akifanya kazi za ndani kwenye nyumba za watu. Muuza sinema akampa njia: kwanza aangalie sinema iliyotiwa sauti ya Kiswahili, kisha hiyohiyo bila tafsiri, naye arudie wanavyosema. Akamchagulia za vita na za mapenzi, akamwekea kwenye simu. Kesho yake fundi akarudi, akazikataa. Alitaka zenye watoto wadogo, mtoto na mama yake, nyumbani, wakizungumza mambo ya kawaida.

Muuza sinema, ambaye habari za shetani msomi zilikuwa zimeshamfikia, akapunguza sauti. "Si uniite tu nije nimsikilize? Nitakutafsiria bure."

"Wewe uza sinema zako," fundi akamjibu, na usoni hakuwa na utani hata chembe.

Akajifunza, jamani. Aliegemeza simu kwenye kopo la vifungo, akashona huku anarudia: nina njaa, nishike mkono, usilie, viatu vyangu viko wapi. Aliharibu mikono ya mashati ya watu kwa ajili ya Kiingereza. Wateja wakanung'unika, na bibi wa chumba cha pili akatangaza kwamba sasa mashetani yamekuwa mawili. Fundi hakujali. Kulikuwa na kitu kichwani mwa mtoto ambacho yeye hakukifikia, na aliogopa, aliogopa kweli, kwamba siku moja mtoto atakisema akiwa macho. Hakuwa na mtu mwingine duniani. Akimkosa huyu, alijiambia, basi tena.

Muda ukapita, maneno yakaanza kufunguka. Leo alishika gari, keshokutwa akashika pipi na mkono. Kila neno lilimpa furaha, kisha likamnyima raha ya chakula.

Alasiri moja ya mvua mtoto alirudi kutoka shuleni amechoka, akajitupa kitandani bila hata kuvua soksi. Haukupita muda, midomo ikaanza kucheza. Fundi akaacha suruali ya mtu ikining'inia kwenye sindano, akapiga magoti kando ya kitanda, akasogeza sikio. Sauti ile ndogo ikaja, tulivu kabisa, na safari hii hakuna neno lililompita. Alielewa yote, mwanzo hadi mwisho.

"Mami, usifunge mlango. Nimekwenda dukani na dada wa kazi. Narudi sasa hivi."