Siku ya Mwisho ya Usajili

Kijiweni, Shomvi aliwashinda mashabiki wenzake kwa sauti. "Kitwana aachwe! Kila akiingizwa dakika za mwisho, tunafungwa. Dirisha la usajili linafungwa leo, tutafute beki mwingine!"

Wenzake wakamkonyeza ageuke. Kitwana mwenyewe alikuwa amesimama nyuma yake, viatu vya mpira vikining'inia begani.

"Wameshaniacha, kaka," alisema bila hasira. "Mna nafasi hapo?"

Aibu ilimpanda Shomvi mpaka masikioni. Akasogea, Kitwana akaketi, na Shomvi akamsogezea kikombe chake cha kahawa.

"Haya," Kitwana akauliza, akiipuliza, "kwa nafasi yangu mnamtaka nani?"

Shomvi, aliyekuwa na jina mdomoni tangu asubuhi, akabaki akitazama nyasi mbichi za mazoezi ya leo zilizonasa kwenye soli za vile viatu.