Kamba ya Singa za Mbuzi

Zamani zile nyumba ya Mungu ilipokuwa ikijengwa mlimani, mierezi yake ilifika bandarini ikielea. Magogo yalifungwa pamoja kwa kamba, na juu yake alisimama mtu mwenye upondo mrefu, akiyaongoza.

Asubuhi moja, baada ya dhoruba, mafungu mengine yote yalikuwa yamekatika kamba, na waongozaji wake wamefika kwa kuogelea. Lililokuwa halijaonekana bado ni la Elkana. Kamba yake aliisokota mkewe, Abitali, kwa singa za mbuzi, maana kitani kilimwishia.

Abitali alisimama majini hadi magotini, macho baharini.

"Singa za mbuzi, mwenzangu?" akasema jirani yake, Serua. "Hiyo ni kamba ya kufungia hema. Kitani chenyewe kimekatika, sembuse hiyo!"

"Niache nitazame, Serua."

Akatazama mpaka macho yakamwuma. Mara kitu cheusi kikainuka juu ya wimbi, kikazama, kikainuka tena. Magogo! Yote pamoja, jamani, hata moja halikuchomoka, na juu yake mtu anapunga upondo.

"Abitali!" Elkana akapaza sauti. "Mbuzi wako wanajua kuogelea!"

Akarusha ncha ya kamba. Abitali akaidaka, anacheka huku analia. Wa kwanza kuingia majini nyuma yake alikuwa Serua, na nguo zake nzuri.

"Vuta, mwenzangu, vuta!"

Bandari nzima ikavuta. Kamba ikaja inachuruzika maji, singa zimesimama, na harufu ya mierezi ikatangulia kufika nchi kavu.