Jumapili ya Kuombana Msamaha

Agrafena alipiga magoti kabla Taisia hajafunga mlango. Theluji ilikuwa bado kwenye mabuti yake, na sahani ya chapati za maji ilikuwa bado mkononi.

"Weka kwanza sahani, mwenzangu," Taisia alisema. "Ukinimwagia hizo chapati, hilo sitalisamehe."

Agrafena hakucheka. Aliiweka sahani sakafuni, karibu na magoti yake.

Ilikuwa Jumapili ya mwisho kabla ya Kwaresima. Siku hiyo kijiji kizima hutembeleana. Mtu huinama na kusema, "Nisamehe," na jirani hujibu, "Mungu atakusamehe, nawe unisamehe mimi." Wengi huyasema maneno hayo haraka kama salamu, kisha samawari ya chai huletwa mezani. Wajane hawa wawili walikuwa wameambiana hivyo kila mwaka tangu vita viishe. Kila mwaka Taisia aliinama mpaka paji la uso likagusa mbao. Na kila mwaka Agrafena alirudi kwake akilia, maana asiye na kosa alikuwa ameinama chini kuliko mkosaji.

Safari hii alikuja kulitaja kosa lake. Alipoungama, padri alikataa kumpa Komunyo. Alimwambia kwamba mtu ambaye yeye Agrafena alimkosea bado yu hai, tena anaishi ng'ambo ya ua tu, basi aanzie huko. Kisha, katikati ya baridi, zikaja karatasi mbili kutoka mjini, moja kwa kila nyumba. Zilisema kwamba Saveli, mume wa Taisia, na Yefim, mume wa Agrafena, waliochukuliwa na polisi wa siri mwaka 1937 na kufia katika kambi ya wafungwa, hawakuwa na hatia yoyote.

Agrafena alisimulia huku ameikazia macho sahani. Mwaka ule alikuwa na miaka thelathini na minane, hajui hata herufi ya jina lake. Saveli alikuwa akifundisha watu wazima kusoma, jioni, baada ya kazi za shamba. Wenzake waliendelea, yeye alishindwa. Ndipo mwalimu akamletea Zaburi, ameificha ndani ya gazeti, kitabu ambacho siku zile hakikutakiwa kuonekana shuleni. Zaburi alizijua kwa moyo tangu utotoni. Saveli akawa anaweka kidole chini ya neno, mdomo wa Agrafena unatangulia, macho yanafuata. Kabla theluji haijayeyuka alikuwa anasoma.

Akaandika insha yake ya kwanza, juu ya ng'ombe wake. Saveli aliifurahia hata akaisomea darasa zima. Darasa likaangua kicheko, na kesho yake kijiji kizima kilimwita Profesa wa Ng'ombe. Hata Yefim, mumewe, alimwita hivyo mezani.

"Mwalimu hakunicheka," Agrafena alisema. "Lakini hakuwanyamazisha. Basi kwa mwandiko uleule alionifundisha, nikaandika barua. Ya kwanza maishani mwangu, Taisia. Niliwaandikia wale polisi wa mjini kwamba anafundishia kitabu cha dini. Nikaitumbukiza katika sanduku la posta, nami nikijua ni wewe unayegonga mihuri pale posta."

Taisia alikuwa amesimama, mikono ndani ya aproni.

Agrafena aliendelea, maana alijua akinyamaza hataanza tena. Wiki tatu baadaye walimchukua Saveli. Siku kumi baada yake wakaja kumchukua Yefim, na Agrafena hakuuliza kwa nini, kwani aliutambua mkono wa Mungu ukimwadhibu. Alibaki na watoto wawili. Na nani aliyeacha viazi mlangoni pake majira yote ya baridi? Nani aliyewafumia watoto wake soksi wakati wa vita, hali yeye mwenyewe alikwisha kufukuzwa posta na alikuwa akilala njaa?

"Kila kiazi kilinichoma," alisema. "Nipige, dada. Au nifukuze. Lakini usinijibu yale maneno ya kila mwaka."

Taisia alikwenda pembeni kwenye sanamu takatifu, akapitisha mkono nyuma ya Mama wa Mungu, akatoa bahasha iliyogeuka rangi kuwa ya manjano. Akamwekea Agrafena mapajani.

Herufi zilikuwa kubwa, zimepinda. Zilikuwa za kwake. Stempu ilikuwa safi, haina muhuri.

"Madaftari yenu yalikuwa yakilala mezani pangu," Taisia alisema. "Mwandiko wako niliujua mara moja."

Agrafena aliigeuza bahasha mara mbili. Kisha akajifanyia ishara ya msalaba, tena na tena.

"Haikwenda," alisema. "Ee Bwana. Basi si mimi."

"Si wewe. Karani wa mjini aliniambia wiki iliyopita. Walimchukua Saveli kwa sababu ya kaka yake, yule aliyefanya kazi ya reli Harbin, kule China; wakamwita jasusi. Wiki iliyopita, Agrafena. Miaka ishirini mimi niliamini uliandika ya pili, ukaipeleka kwa mkono wako."

"Uliamini hivyo, na bado ukatuletea viazi?"

Taisia alishika ukingo wa benchi. Taratibu, goti moja kisha la pili, alishuka mbele ya jirani yake, mpaka paji la uso likagusa mbao kando ya sahani.

"Nami niliandika," alisema. "Juu ya Yefim. Hiyo niliigonga muhuri."