Membe wa Plastiki

Ndege wa plastiki walipanda boti kabla ya binadamu. Jebet aliwapokeza mmoja mmoja, naye Joram, nahodha, akawapanga chini ya kiti huku akiguna.

"Shemeji, hawa ndege wako wanakula nini? Mbona wazito hivi?"

"Wameumbwa na matumbo matupu, shem. Wasipojazwa, upepo unawabeba."

"Si ungewajaza mchanga kulekule?"

"Mchanga wa kule hauguswi. Una viota."

Joram alicheka, akawasha injini. Kisiwa chenyewe ni kidogo, nusu saa kutoka gati la Doha. Zamani membe walitaga pale kwa maelfu. Kisha watu wakaleta paka, paka wakamaliza vifaranga, membe wakahama. Paka waliondolewa wote, lakini ndege hawakurudi mpaka kampuni inayokitunza kisiwa iliposimamisha wenzao wa bandia mchangani. Membe hashuki mahali patupu. Akiona mwenzake ametulia, huamini pana amani, naye hushuka.

Basi wakashuka, wakataga. Na Joram aliwajua watu wanaopenda mayai yale mezani.

Wa kwanza kumshika alikuwa Wesley, mlinzi wa viota, mume wa Jebet. Wesley alihesabu, akaandika, akapeleka ofisini. Joram akaonywa mbele ya wenzake kama mtoto.

Siku chache baadaye, Julai ya mwaka jana, Joram alimshusha Wesley kisiwani alfajiri na chupa moja ya maji. Kiangazi sheria haitaki mtu afanye kazi juani ikishagonga saa nne asubuhi, na boti ilipaswa kumfuata saa hiyo. Ilimfuata magharibi. "Injini ilikufa," Joram aliapa. Simu haishiki kule, na shahidi hakuwepo. Wesley alikutwa chini ya mwavuli wake, ameketi, kichwa kimeinama.

Joram mwenyewe alipeleka rambirambi mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, kwenye chumba Jebet alichokaa na wanawake wengine watano.

"Tumwachie Mungu, shemeji."

"Nimemwachia," Jebet alijibu, Biblia mapajani. "Mimi ni wa kutumwa tu."

Mwezi uliofuata aliacha kazi ya kusafisha vyumba hotelini, akaomba kazi ya marehemu. Ofisini walishangaa, wakampa.

Tangu hapo kila safari alikaa nyuma, karibu na injini. Wengine hutazama bahari. Yeye alitazama mikono ya Joram.

"Unanitazama sana, shemeji. Unataka kurithiwa?"

"Endesha tu, shem. Mrithi atajulikana."

Kichekesho hicho kilimfurahisha Joram hadi wiki iliyopita, alipoitwa tena ofisini. Mezani palikuwa na daftari la Jebet. Mwandiko ulikuwa wa shule ya msingi, lakini tarakimu zilinyooka: viota arobaini na moja, mayai yaliyobaki kumi na tisa. Mara hii aliambiwa kwamba likipotea hata yai moja zaidi, atapandishwa ndege arudi kwao.

Usiku huo hakulala kitandani kwake kule Industrial Area. Mume alinichongea, aliwaza. Sasa mke. Basi dawa ni ileile.

Ndiyo maana asubuhi hii, Jebet alipokwisha kushusha ndege wake wawiliwawili, Joram alimrushia chupa moja tu.

"Maji mengine nimesahau, shemeji. Saa nne kamili niko hapa."

Jebet aliidaka. 

"Mungu akurudishe salama, shem."

Saa nne ilimkuta Joram kivulini gatini, anakunywa chai ya karaki. Saa saba lami ilikuwa laini chini ya viatu. Saa tisa alipiga hesabu: chupa moja, jua lile, mama wa miaka hamsini. Akaagiza karaki nyingine. "Khalas, imekwisha," alijisemea, akapuliza mvuke.

Jua lilipoanza kuwa jekundu alirudi polepole, na ndoo miguuni.

Mwavuli aliuona kutoka mbali. Chini yake Jebet aliketi na joho lake la kazi la bluu, kitambaa na kofia pana kichwani, uso umeinama. Membe walimzunguka, wa plastiki na wa kweli, hata usiweze kuwatofautisha. Joram alipiga mluzi. Kichwa hakikuinuka.

"Shemeji!"

Wakaitikia membe tu. 

Moyo wa Joram ukatulia. Alitupa nanga, akauacha ufunguo kwenye injini, akavuka maji ya magotini na ndoo yake. Alianza na viota, kwa kuwa sasa hapakuwa na wa kuhesabu. Aliokota bila haraka, akizunguka vichaka vya chumvi, mpaka ndoo ikajaa. Kisha akaelekea mwavulini, huku akiutengeneza uso wake uwe wa huzuni, uso uleule wa mwaka jana.

"Pole, shemeji," alisema, akamgusa bega.

Bega likabonyea. Kofia ikaanguka, na ndani ya kitambaa palikuwa na mwani mkavu. Mapajani alikaa membe wa plastiki, kizibo cha tumbo kimefunguliwa, tone la mwisho la maji likining'inia. Kando yake ilisimama chupa ya asubuhi, haijafunguliwa.

Nyuma ya Joram, kule majini, injini ya boti ilikohoa mara moja, ikashika.